Boti na Injini Barabarani: Kuzisafirisha kwa Tela Bila Kuzivunja

Boti ikiwa ziwani hubebwa na maji, tena kila mahali kwa wakati mmoja. Ikipandishwa kwenye tela, uzito uleule unakalia mbao mbili au rola chache, halafu unaanza kurushwarushwa na mashimo. Ndiyo maana boti iliyohimili mawimbi ya Tanganyika miaka mitano inaweza kupata ufa katika safari moja ya kwenda kwa fundi. Kazi nzima ya kuilinda ni kuhakikisha uzito unateremka kwenye chuma cha tela, usibaki ukining'inia kwenye ubao wa nyuma, kwenye kishikizo kidogo cha injini au kwenye kamba moja.

Maelezo haya yanahusu boti za mita 4 hadi 6, za faiba au za mbao, na injini za kupachika za HP 8 hadi HP 40: zile zinazopandishwa kutoka fukwe za Kigoma kama Kibirizi, Katonga au Ujiji kwenda matengenezo, na zile zinazovutwa mbali zaidi, Kasulu, Uvinza, au kuvuka mto Malagarasi hadi Kaliua na Tabora, karibu kilomita 400 kutoka Kigoma mjini.

Injini ishuke au ibaki?

Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi hulijibu kwa uvivu. Chukua ndoo ya maji ya lita kumi uikumbatie kifuani, utatembea nayo. Sasa inyooshe mbele kwa mikono miwili. Hatua tano hazifiki kabla mgongo haujalalamika. Ndoo haijaongezeka uzito, imesogea tu mbali na wewe. Injini ya HP 40 ina kilo 70 na ushee. Ikiwa imesimama wima, uzito wake uko karibu na ubao wa nyuma. Ukiiinua mguu juu ili isiguse barabara, kichwa chake kinaingia ndani ya boti na mguu unatoka nje nyuma, na kila tairi linapoanguka kwenye shimo, mguu ule unafanya kazi ya mtaimbo: unaung'oa ubao kidogo kidogo. Ufa wa kwanza huonekana kwenye pembe, pale ubao wa nyuma unapokutana na ubavu, au kuzunguka matundu ya bolti za injini. Maji yakishaingia kwenye tundu lililolegea, mbao zilizofichwa ndani ya faiba zinaoza bila wewe kuona.

Msimamo wetu: safari ya barabara ya vumbi inayozidi kilomita 50, injini ya HP 40 au ndogo zaidi ishushwe. Dakika ishirini za kuifungua ni nafuu kuliko ubao mpya. Kwa mwendo mfupi wa lami, kama kutoka ufukweni hadi mjini, inaweza kubaki, ila kwa masharti yatakayofuata.

Kuishusha

Anzia majini. Ukiwa bado unaelea, chomoa mpira wa mafuta kwenye injini na uiache iungurume hadi ijizime yenyewe. Kwa injini ya kabureta, hapo umemaliza petroli iliyobaki kwenye kikombe cha kabureta. Usipofanya hivyo, itamwagika ukiilaza na gari litanuka petroli hadi Uvinza. Usijaribu jambo hili nchi kavu. Impela ya pampu ya maji ni ya mpira na inalainishwa na maji yanayopita. Ikizunguka kavu inaungua kwa muda mfupi sana.

Ikishatoka majini, iache wima dakika kumi maji yote yatoke kwenye mguu. Baada ya hapo legeza skrubu mbili za kubania na bolti za kupitisha kama zipo. Kabla ya kulegeza, funga kamba kutoka kwenye kishikio cha injini hadi kwenye pete ya ndani ya boti, kwa sababu ni wakati huohuo injini nyingi huanguka. Ya HP 15 inabebwa na watu wawili wenye nguvu. Ya HP 40 inataka watu wanne, au winchi ya mnyororo kwenye mti imara. Usiishike kwa kofia yake, wala kwa mkono wa usukani, wala kwa propela. Kofia inashikiliwa na kibano kimoja au viwili tu, na haikutengenezwa kubeba uzito.

Namna bora ya kuisafirisha ni wima. Tengeneza kigoda cha mbao za inchi mbili kwa nne: miguu miwili iliyotanuka, na ubao wa juu wenye unene wa sentimita 4 hadi 5 ambao injini itaubana kama inavyobana boti. Kifunge kwenye vyuma vya mbele ya bodi ya pikapu, nyuma ya kabini, kwa mikanda miwili inayovuta pande tofauti.

Usipokuwa na kigoda, ilaze, lakini kichwa kiwe juu kuliko propela wakati wote. Weka tairi kuukuu chini ya kichwa na godoro la sponji chini ya mguu. Ukiigeuza, maji yaliyobaki kwenye njia za kupozea yanaweza kurudi hadi kwenye silinda, na kutu ya silinda haionekani hadi siku injini ikikataa kuwaka. Injini za kuchanganyia oili kwenye petroli hazina shida kubwa zikilala upande wowote. Zile zenye oili yake peke yake zina upande mmoja au miwili tu unaoruhusiwa, na kila mtengenezaji anautaja kwenye kitabu, wakati mwingine hata kwa kibandiko kwenye injini yenyewe. Ukikosea upande, oili inapanda kwenye silinda na kwenye njia ya kuingizia hewa. Na usiipakie chini ya magunia ya mahindi.

Kitu kimoja ambacho watu husahau: ukishusha injini, tela nalo hubadilika. Kama injini ya kilo 75 ilikuwa mita 1.8 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi kwenye boli ya kuvutia ni mita 4, kuiondoa kunaongeza kilo 34 hivi kwenye mkia wa gari. Boti iliyokuwa imepangwa vizuri jana leo inalilalia gari. Pima upya.

Ikibaki kwenye boti

Ibaki wima kama nafasi kutoka pezi la chini hadi ardhini inaruhusu. Kwenye lami tunataka sentimita 25, kwenye vumbi 40. Pima gari likiwa limeshafungwa na mizigo imo, maana springi zikikaa chini sentimita kumi zinapotea. Kumbuka pia kwamba nyuma ya tela kuna kitu kirefu: magurudumu yakiingia kwenye mfereji, mkia unashuka kuliko unavyodhani, na cha kwanza kugonga ni pezi, kisha propela.

Kama haifai wima, iinue, lakini usiiache ikae juu ya kile kishikizo kidogo cha chuma kinachoishikilia ikiwa imeinuliwa. Kishikizo kile ni cha kuegesha boti ufukweni. Vitabu vya watengenezaji vinakataza wazi kukitumia barabarani, kwa sababu mtikisiko unaweza kukifyatua na injini nzima ikaanguka kwa kishindo. Kinachotakiwa ni mhimili kutoka kwenye tela hadi kwenye mguu wa injini.

Mhimili huo si kitu cha kuagiza Dar es Salaam. Fundi wa kuchomea anaweza kuutengeneza asubuhi moja:

Tafuta bomba la chuma la inchi moja na nusu. Upande wa juu achomee panda, kama la manati, lenye upana wa kuutosha mguu wa injini, na ulivishe mpira wa tairi uliofungwa kwa waya upande wa nje ili waya usikwaruze rangi. Upande wa chini achomee kipande cha bomba pana kidogo kinachokaa juu ya chuma cha nyuma cha tela, chenye tundu la pini. Urefu unapatikana kwa kupima: injini ikiwa imeinuliwa kiasi cha kuacha nafasi unayotaka, pima kutoka chuma cha tela hadi sehemu ya mbele ya mguu, juu kidogo ya boksi la gia. Panda likae hapo. Lisikae kwenye propela, wala kwenye lile bati la juu ya propela, ambalo ni jembamba na linavunjika.

Kisha ishushe injini taratibu hadi ikalie panda kwa uzito wake, na uifunge mguu na mhimili pamoja kwa vipande vya tyubu ya pikipiki, mizunguko mitano au sita iliyovutwa kweli. Mpira wa tyubu hapa unafaa kuliko kamba kwa sababu unafuata mtikisiko bila kulegea. Sasa tela, mhimili na injini vinaruka pamoja na kutua pamoja, na ubao wa nyuma unapumzika. Ukiuona mhimili unacheza wakati injini haichezi, au kinyume chake, boti haijafungwa vizuri kwenye tela. Rudi kwenye mikanda ya nyuma kwanza.

Wapo wanaoweka kipande cha mti mgumu, mninga kwa mfano, kati ya mabano ya injini ili isianguke. Kinazuia kuanguka, ni kweli. Ila uzito wote bado uko kwenye ubao, kwa hiyo ni cha safari fupi ya lami tu.

Mkono wa usukani ukunjwe na ufungwe usiyumbe kulia na kushoto. Injini inayogeuka huku na huku safarini hula bushi zake yenyewe. Skrubu za kubania zikazwe kwa mkono, na ukaze tena baada ya kilomita kumi. Mtikisiko huzilegeza hata zikiwa zimekazwa na bwana mwenye kifua. Kamba ya usalama kutoka kwenye injini hadi kwenye boti ibaki siku zote.

Propela, mafuta na vumbi

Kwa safari ndefu propela itoke. Ni nyepesi kuiba na nzito kuinunua, na ikigonga jiwe inapinda bawa moja tu, ambalo linatosha kuitikisa injini hadi sili za shafti zianze kuvuja. Nyoosha pini, itoe, fungua nati, kisha vuta. Kila kitu unachokitoa kipitishe kwenye waya mmoja kwa mpangilio uleule: nati, washa, spesa, propela, na ile washa nene ya mwisho iliyo karibu na boksi la gia. Washa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika ikiwa imenata kwenye grisi, kisha inaanguka barabarani; ukirudisha propela bila hiyo, propela inasaga boksi la gia. Ukiwa hapo angalia kama kuna uzi wa nyavu au nailoni uliojizungusha kwenye shafti. Kwa ziwa letu ni nadra kuukosa. Uzi ule hukata sili, maji yanaingia, na oili ya gia inakuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Futa shafti, paka grisi, vika mfuko.

Tangi la mafuta lisijazwe hadi mdomoni. Petroli hutanuka kwa joto, na jua la mchana wa Tabora juu ya tangi jekundu halina utani. Acha nafasi ya vidole vinne, funga skrubu ya hewa kwenye mfuniko, chomoa mpira pande zote mbili na uzitie ncha zake kwenye mfuko wa nailoni. Tangi lifungwe lisitembee. Lita 25 ni kilo 18 na zaidi. Likianza kuteleza ndani ya boti linagonga kama nyundo.

Kuhusu vumbi, kofia ya injini ifungwe sawasawa, halafu ivalishwe gunia au turubai lililokazwa. Turubai lisilokazwa ni baya kuliko kutofunika: linapigapiga kwa upepo na kuchuna rangi ya juu ya faiba hadi kwenye nyuzi. Hilohilo kwa turubai la boti nzima. Kama huwezi kulikaza liwe kama ngoma, likunje uliweke kwenye gari.

Tela lenyewe

Matela mengi yanayovuta boti huku yametengenezwa na mafundi wa hapahapa kwa ekseli ya gari kuukuu. Hakuna ubaya, ilimradi mambo matatu yako sawa.

La kwanza ni pale boti inapokalia. Kwa boti ya faiba, mbao za kulalia ziwe chini ya mbavu za urefu zilizo ndani ya boti, zivikwe zulia, na zifike hadi mwisho kabisa wa boti, chini ya ubao wa nyuma. Boti ikichomoza nyuma ya mbao hata kwa sentimita 20, sehemu hiyo inabeba injini hewani. Baada ya miezi kadhaa sakafu inapinda, na boti iliyopinda hapo haipandi tena juu ya maji hata ukiiongezea HP. Boti ya mbao ni tofauti: uzito ukae kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, juu ya rola, na vile vya pembeni viwe vya kuizuia isilale tu. Ukiiegemeza kwenye mbao za ubavuni, misumari inalegea.

La pili ni uzito wa mbele. Kichwa cha tela kinapaswa kuilalia boli ya gari kwa asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Tuseme boti kilo 350, injini 75, mafuta 18, nanga na zana 30, tela 200: jumla 673. Mbele iwe kati ya kilo 47 na 67. Mizani ya jukwaa ya mnunuzi wa mazao inatosha kabisa kupimia. Weka kigogo juu yake, teremsha kichwa cha tela juu ya kigogo, tela likiwa limenyooka sawa na ardhi, soma, kisha toa uzito wa kigogo. Ikiwa pungufu, tela litacheza mkia ukifika mwendo wa 60, na kadiri unavyokanyaga breki ndivyo linavyozidi. Sogeza mizigo mbele kwanza. Isipotosha, ekseli irudishwe nyuma. Usiivute boti mbele hadi ubao wa nyuma uziache mbao, maana utakuwa umetibu jino kwa kuvunja taya.

Hakikisha pia boli na kichwa ni saizi moja. Boli ya inchi moja na saba ya nane inaingia kwenye kichwa cha milimita 50 na inaonekana imekaa. Inaruka kwenye tuta la kwanza zito. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kichwa kama msalaba, ili kichwa kikichomoka kiikalie, kisichimbe lami.

La tatu ni beringi, ambazo ndizo hulaza watu porini. Kila baada ya msimu fungua habu (kitovu cha gurudumu), osha kwa mafuta ya taa, kausha, na kandamiza grisi mpya ya kustahimili maji ndani ya beringi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Grisi nyeupe inayofanana na uji ina maji. Badilisha sili, hata kama inaonekana nzima. Kurudisha: kaza nati huku ukizungusha gurudumu hadi liwe zito kidogo, legeza robo mzunguko, kaza tena kwa vidole tu, weka pini mpya. Ukizikaza sana zinaungua. Ukizilegeza gurudumu linacheza na kula sili.

Kuifunga

Winchi na mnyororo wa mbele huizuia boti isirudi nyuma. Haviizuii isiruke. Kwa hiyo kuna mikanda mitatu au minne ya lazima: miwili ya nyuma kutoka kwenye pete za ubao wa nyuma moja kwa moja kwenda kwenye chuma cha tela, mmoja wa mbele unaovuta pete ya omo, yaani pua ya boti, kwenda chini, na mmoja unaopita juu ya boti katikati kama boti ni ndefu. Mikanda ya kukaza ya upana wa milimita 25 inatosha kwa nyuma, wa katikati uwe wa 50. Pale mkanda unapogusa ukingo wa boti weka kipande cha zulia au mpira wa tairi. Mkanda usio na kinga unasaga faiba kama msumeno wakati ule wa mchana wenye vumbi. Uzungushe mkanda mara moja kabla ya kuukaza, usikae bapa, ndipo hautapiga kelele kwa upepo wala kujikata.

Kaza hadi boti na tela vitikisike kama kitu kimoja ukiisukuma kwa bega. Zaidi ya hapo unaikunja boti. Kamba za katani ziepuke: zikinyeshewa zinajivuta, zikikauka zinalegea, na njia ya Kasulu inaweza kukupa mvua na jua ndani ya saa moja. Manila ya milimita 12 inafaa kwa dharura.

Ondoa kizibo cha maji nyuma ya boti kabla ya kuondoka, na kifunge kwenye mkono wa winchi mahali ambapo hutaweza kushusha boti bila kukiona. Maji ya mvua ya lita 100 ni kilo 100 zisizo na mkanda, zinazokimbilia nyuma kila ukipanda mlima. Maboya ya kuvaa, makasia na kapu la samaki viingie kwenye gari. Nanga iondoke kwenye omo.

Njiani

Upepo wa tairi upimwe likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kulingana na mzigo. Tairi dogo lenye upepo pungufu linapata joto na kupasuka kabla hujasikia chochote kwenye usukani. Beba spea tairi ya tela yenyewe (ya gari haiingii, jambo linalogunduliwa kila mara mahali pasipo na mtandao), beringi seti moja na sili zake, kopo la grisi, jeki inayofika chini ya ekseli ya tela, spana ya nati za tela na mikanda miwili ya akiba. Taa za nyuma na indiketa ziwake, na kitambaa chekundu kifungwe kwenye pezi la injini kama limechomoza. Nyaraka za boti, leseni na namba ya injini iliyoandikwa kwenye kibati cha mabano viwe ndani ya gari. Injini zinaibwa, na kwenye kizuizi utaulizwa ni ya nani.

Simama baada ya kilomita 10 za kwanza, ambapo karibu kila mkanda utakuwa umelegea kidogo. Baada ya hapo kila kilomita 50 kwenye vumbi, 100 kwenye lami. Weka kiganja kwenye kila habu. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo kwa sekunde tano, beringi inaungua. Usisukume hadi mji unaofuata.

Kwenye lami 60 hadi 70 inatosha. Kwenye kipande kinachojengwa au mchepuko uliojikunja kama bati, 30. Yapo magari yanayoteleza juu ya mikunjo hiyo yakiwa na mwendo wa 70 na dereva akajisifu. Gari lina shokabsoba, tela halina, na boti inapokea kila pigo. Matuta ya vijijini yapande kwa gia ya kwanza, ukikumbuka kuwa injini inapita baada ya tela, na tela baada ya gari. Kwenye kona, tela linakata ndani kuliko gari. Mtie mwendesha bodaboda kwenye hesabu zako mapema.

Boti ya mbao kwenye safari ndefu ina adui mwingine, ambaye ni ukavu. Upepo na jua la siku mbili hukausha mbao, zinajivuta, na kalafati, ile inayoziba mianya kati ya mbao, inaachia. Tandika magunia yaliyoloweshwa ndani ya boti na yamwagie maji kila unaposimama. Ukifika, iache ielee karibu na ufukwe usiku mzima bila injini wala mzigo ili mbao zinywe maji na kujifunga, kisha kausha ndani na uangalie kinachoendelea kuvuja.

Kama boti itakaa juu ya tela kwa muda mrefu, mfano ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, inyanyue ekseli juu ya matofali ili tairi na springi vipumzike, legeza mikanda, inua omo kidogo maji yatoke kwenye tundu la kizibo, na injini isimame wima.

Kuirudisha majini

Usizamishe magurudumu mara tu ukifika. Habu iliyotoka Kasulu bila kupumzika ina moto. Ikiingia ghafla kwenye maji, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ipe nusu saa. Muda huo utumie kuchomoa waya wa taa za tela, kwani taa zenye moto hupasuka zikigusa maji, kutoa mhimili, kuinua injini juu kabisa, na kufungua mikanda ya nyuma. Winchi na mnyororo wa mbele vibaki hadi boti inaelea. Waliovifungua juu ya mteremko wameiona boti ikiteremka peke yake na kukaa kwenye mchanga kwa ubao wa nyuma, injini chini. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kubadilisha mteremko wa sehemu nyingi za ufukwe, kwa hiyo tembea kwa miguu kwanza uone kama chini ni mchanga mgumu au tope. Kwenye tope, tanguliza mbao mbili chini ya magurudumu.

Kizibo kirudi. Skrubu za injini zikazwe tena, propela irudi na pini mpya, na skrubu ya hewa kwenye tangi ifunguliwe, kwa sababu ikisahaulika injini inawaka vizuri, inakwenda mita mia tatu na kuzima, na mtu ataanza kufungua kabureta isiyo na kosa. Osha vumbi kwenye matundu ya kuingizia maji kabla ya kuwasha.

Ukishawasha, tazama mkojo wa injini, ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma chini ya kofia. Usipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Kabla ya kulaumu impela, angalia tundu lenyewe: injini iliyokaa wiki mbili chini ya mti mara nyingi imepata mpangaji, nyigu wa udongo, ambaye hujenga humo. Tumia kipande cha nailoni nene ya kuvulia kumtoa. Waya na msumari vinatoboa mpira wa ndani.